Kokopiti kwa maua ya majani kibarazani, uzoefu wangu hapa Dar

Wadau mnaokaa ghorofani na mnapenda maua ya majani, monstera, ZZ, sneki planti, mani planti na ndugu zao, hii kokopiti nunueni tu, nimeanza kuitumia masika ya mwaka jana na udongo mtupu sirudii tena.

Ni lile vumbi la makumbi ya nazi, wanaligandamiza linakuwa tofali, lile dogo la gramu 650 ukilimwagia maji linaumuka unapata kama lita 8, yaani unapandisha ngazi na kifurushi mkononi badala ya kiroba cha udongo begani.

Ila usipandie hivyo hivyo. Makumbi mengi yana chumvi, mi naloweka kwenye beseni nakamua namwaga, narudia mpaka maji yatoke masafi. Afu kokopiti yenyewe haina chakula, mmea utasimama tu haukui, kwahiyo nachanganya na samadi iliyooza vizuri na mchanga wa mto. Kwa ZZ mchanga nauzidisha na vipande vya mkaa natia, sababu ile chini ina viazi vinavyotunza maji, ikikaa kwenye unyevu muda wote vinaoza. Na ZZ jamani ni mmea wa kwetu kabisa, unaota wenyewe porini Kenya na Tanzania, Waholanzi ndo wakaja kuuzalisha kwa biashara miaka ya 90 ukasambaa dunia nzima.

Kilichonifanya niiamini ni monstera moja nilinunua barabarani, chungu cha saruji kizuri kweli lakini chini hakina tundu hata moja na udongo wake mfinyanzi mtupu, majani yakaanza kuwa njano moja moja, nikaing'oa nikakuta mizizi ya kahawia, laini, inanuka, ukiishika ganda linachomoka lote kama soksi unabaki na uzi. Nikakata yote iliyooza nikaacha ile myeupe migumu, nikahamishia kwenye kokopiti na chungu cha plastiki chenye matundu, sa hivi inatoa majani yenye mikato. Kwahiyo kabla hujalipa pindua chungu uangalie chini, kama hakijatobolewa mwambie muuzaji akitoboe hapo hapo.

Kasoro ipo, juu inakauka haraka unadhani ina kiu kumbe chini bado mbichi, we zamisha kidole kwanza ndo umwagilie. Na kama mnatumia maji ya kisima yenye chumvi kokopiti haitawaokoa, ncha za majani zitaungua tu na ukingoni mwa chungu utaona utando mweupe, kingeni ya mvua.

Naipa nyota 4 kati ya 5, hiyo moja nimeikata kwa ile kazi ya kuosha.