Majarida ya zamani ya katuni: kipi ununue, kipi ukikimbie

Mwenye fungu la Sani la miaka ya 1980 chini ya kitanda anaijua harufu yake, ile ya unga uliosahaulika kabatini. Wengine wana Kingo, wengine wana kaunta buku iliyojaa vipande vya katuni za Chakubanga ambavyo mzee alikuwa akivikata kwenye gazeti la Uhuru kila asubuhi, na kwa majirani zetu Kenya wapo waliokusanya katuni za Juha Kalulu kutoka gazeti la Taifa Leo. Wote tatizo lao ni moja. Karatasi ile haikutengenezwa ikae. Ilitengenezwa isomwe kwenye daladala na jioni ifungie vitumbua.

Karatasi ya gazeti ni mti uliosagwa bila kuondolewa lignini, ile inayoshikamanisha nyuzi za mti ukiwa hai. Lignini ikipigwa na mwanga na hewa hugeuka manjano, kisha kahawia. Asidi inayozalika humo inakatakata nyuzi, na siku moja unakunja ukurasa, unabaki na kona mkononi. Huwezi kuirudisha nyuma hali hiyo kwa kununua jalada zuri. Unaweza kuichelewesha tu. Kwa hiyo kabla ya kutoa hela, mimi hujiuliza swali moja: je, nikijuta kesho, kitu hiki kinavulika? Orodha yangu imepangwa kwa swali hilo, si kwa uzuri wa rafu.

1. Mifuko safi na boksi

Hili ndilo chaguo la kwanza kwa watu karibu wote, na ndilo ambalo watu hawalitaki kwa sababu halina maringo. Kila jarida liingie kwenye mfuko wake wa plastiki angavu pamoja na kadibodi nyembamba nyuma yake, kisha mifuko ilazwe ndani ya boksi lenye mfuniko. Jarida halijatobolewa, halijapakwa gundi wala kukatwa. Ukipata pesa au maarifa zaidi baada ya miaka kumi, unalitoa vilevile ulivyoliweka.

Ujanja wote uko kwenye aina ya plastiki. Zilizo salama ni poliesta, polipropilini na polithini. Iliyo sumu ni PVC. Kama ulishawahi kutoa cheti cha shule kwenye faili la plastiki ukakuta maandishi yamehamia kwenye plastiki, umeshaijua PVC: vilainishi vyake hutoka taratibu na kuubandua wino. Dukani igeuze bidhaa utafute kile kipembetatu chenye namba. Namba 5 ni polipropilini, 2 na 4 ni polithini, 1 ni jamii ya poliesta. Namba 3 ni PVC, iache hapohapo. Ikiwa hakuna namba, nusa. Ikinukia kama kitambaa kipya cha meza cha nailoni, mrudishie mwenye duka.

Poliesta ni ghali kuliko zote, ina ukakamavu na inang'aa kama kioo. Itunze kwa matoleo machache unayoyapenda kupita kiasi. Kwa mengine yote polipropilini inatosha kabisa. Usinunue kabla ya kupima: chukua rula, pima jarida lako pana kuliko yote, ongeza nusu sentimita kila upande. Nilishanunua mifuko mia kwa kukadiria na macho, nikaishia kuhifadhia risiti za luku.

Maboksi yasiyo na asidi, yale ya maktaba, hayapatikani kirahisi kwenye maduka yetu ya kawaida, na kuyaagiza nje usafiri unaweza kuzidi bei ya bidhaa. Mbadala wangu ni boksi la rimu za karatasi, lile lenye mfuniko wa kuvua. Kadibodi yake ya kahawia ina asidi, kwa hiyo lipambe ndani kwa karatasi nyeupe za fotokopi, tabaka mbili au tatu. Tafuta rimu iliyoandikwa ISO 9706 kwenye kanga yake, maana hicho ndicho kiwango cha karatasi ya kudumu. Ndoo za plastiki zenye mfuniko wa kubana zinafaa dhidi ya panya na mchwa, lakini zinafungia unyevu ndani. Ukizitumia, jaza siku ya kiangazi kikavu, weka pakiti za silika, vile vipakiti vya kunyonya unyevu, na uzifungue ndoo mara kwa mara.

2. Nakala ya kusomea

Wengi hawaihesabu kama chaguo la kununua, lakini pesa yako inaweza kufanya kazi kubwa hapa kuliko mahali pengine. Skani majarida, chapisha nakala, halafu zijalidi hizo nakala unavyotaka, hata kwa spairo, hata kwa jalada jekundu lenye maandishi ya dhahabu. Wajukuu wazigombanie hizo. Ya asili inalala kwenye boksi.

Skani kwa vipimo vya nukta 300 kwa inchi kama unataka kusoma tu, na 600 kama unataka mistari ya wino ibaki na ncha zake. Mashine iwe ya kioo cha kulazia. Ile inayomeza karatasi yenyewe haifai kamwe, kwa sababu karatasi kuukuu ikikwama ndani hutoka vipande. Kijana wa steshenari atakuambia yake ni ya haraka. Ndiyo, na haraka haina baraka. Nakala hizo ni za nyumbani kwako, si za kuuza. Wachoraji wana haki zao.

3. Kushonwa kwa uzi na jalada gumu

Hapa ndipo moyo wa mkusanyaji ulipo. Matoleo kumi na mawili yaliyopangwa kwenye juzuu moja, mgongo wa kitambaa, mwaka umepigwa kwa dhahabu. Na si ufundi wa kigeni kwetu: Siyu, kisiwani Pate, walinakili misahafu na kuijalidi kwa ngozi karne mbili zilizopita. Neno lenyewe, kujalidi, tunalo. Tulichopoteza ni subira.

Kazi nzuri inakwenda hivi. Fundi anatoa pini zenye kutu. Anainyanyua miguu ya pini kutoka katikati ya jarida kwa kisu butu, kisha anaivuta kwa nyuma, hatumii kile kijidude cha kung'ofolea pini kinachochana karatasi. Kila jarida lililokunjwa linakuwa kama fungu moja la kitabu. Sindano inapita kwenye mkunjo wenyewe, palepale pini zilipokuwa, na mafungu yanaunganishwa mgongoni kwa kanda za kitambaa. Juzuu la namna hii linafunguka likalala mezani, na michoro inaonekana hadi ndani kabisa.

Kazi mbaya inakwenda hivi. Majarida yanapangwa, yanabanwa, yanatobolewa upande kwa upande sentimita moja kutoka mgongoni, yanakazwa kwa uzi, kisha yote yanapelekwa kwenye mashine ya kukatia karatasi ili kingo zilingane. Niliwahi kumpa fundi mmoja wa mjini matoleo ishirini hivi, nikamwambia tu, "Yafunge vizuri." Akayafunga vizuri. Yalirudi yamenyooka kama tofali. Nilipofungua, upande wa ndani ulikuwa umeumwa na mshono, upande wa nje umenyolewa, na kwenye kila ukurasa wenye maneno mengi neno la mwisho la mstari lilikuwa limeenda na takataka. Wahusika wanagombana bila kumaliza sentensi. Kosa nusu ni langu, sikumwambia asikate. Fundi yeyote anayefunga vitabu vya hesabu na magazeti ya ofisi hukata kwa mazoea, kwa sababu huko ukingo ni ukingo tu. Wachoraji wetu walijaza ukurasa mpaka mwisho, hawakuacha nafasi ya kuchezea.

Basi kabla hujamkabidhi mtu, muombe akuonyeshe kitabu alichokifunga mwenyewe na ukifungue katikati. Kikikubana vidole kama mtego wa panya, ahsante, kwaheri. Kikilala chenyewe, endelea na maswali. Anapitisha uzi kwenye mkunjo au anatoboa upande? Anaweza kuacha kingo bila kukata? Majalada ya karatasi ya kila toleo atayaacha ndani? Usidhani hili la mwisho ni dogo. Wapo wanaoyatoa ili juzuu liwe jembamba, na kumbe jalada la rangi na matangazo ya nyuma ndiyo nusu ya utamu. Mwambie pia unene usizidi sentimita tatu hivi, maana karatasi dhaifu haiwezi kubeba uzito wake yenyewe. Maagizo yaandike kwenye karatasi na uyabandike juu ya fungu, kwa sababu unayezungumza naye mara nyingi si yule atakayeshika sindano.

Na fanya jaribio hili kwanza nyumbani. Shika ncha ndogo ya kona ya ukurasa usio na mchoro, ikunje mbele na nyuma mara mbili. Ikikatika, usijalidi kabisa. Karatasi iliyofika hapo haiwezi kupinda mgongoni kila unapofungua, na juzuu litakuwa jeneza lenye maandishi ya dhahabu. Rudi kwenye namba 1.

Kwa toleo mojamoja lililoachana na pini zake huhitaji fundi. Nunua uzi wa pamba usio na rangi na sindano. Toboa matundu matatu kwenye mkunjo. Ingia tundu la kati kutoka ndani kwenda nje, rudi ndani kwa tundu la juu, ruka la kati, toka kwa la chini, rudi ndani kwa la kati. Funga fundo juu ya ule uzi mrefu ulionyooka ndani. Dakika kumi, na hakuna kutu itakayorudi.

4. Faili la ringi

Linafaa kwa vipande vya magazetini, Chakubanga na wenzake, kwa sharti mifuko yake iwe polipropilini. Weka kipande kwenye karatasi nyeupe bila kukigundisha, kiteremshe mfukoni, andika tarehe ya gazeti kwa penseli. Kwa jarida zima halifai sana, kwani ukilisimamisha faili majarida yananing'inia na kupinda. Kama vipande vyako vimeshagundishwa kwenye kaunta buku zamani, usivibandue. Weka kaunta buku nzima kwenye boksi, ni kumbukumbu ya aliyevikata pia.

Vya kukimbia

Spairo inatoboa mstari mzima wa matundu, na kila tundu ni mwanzo wa mchaniko. Gundi ya moto inahitaji mgongo ukatwe, kwa hiyo jarida linakuwa kurasa mojamoja zilizoshikwa na gundi inayokauka na kupasuka. Lamineti ni kaburi. Joto na gundi vimeingia kwenye nyuzi za karatasi, asidi imefungiwa ndani, na hakuna anayeweza kuitoa bila kuharibu. Selotepu pia iache, hata ile ya "muda tu". Inageuka kahawia, inaanguka, na inaacha doa lisilotoka. Pakichanika, tumia kipande cha karatasi nyembamba sana na uji mwepesi wa ngano, siyo chapa yoyote ya gundi ya super.

Matumizi mengine madogo

Ukiwa Dar, Tanga, Mombasa au Unguja, kipimo cha unyevu kinafaa kuliko boksi la bei mbaya. Ni kidude kidogo cha ukutani. Unyevu wa hewa ukipita asilimia 65 kwa siku nyingi, ukungu unaanza kazi, na pwani unapita. Kwa hiyo rafu isiguse ukuta wa nje, boksi lisikae sakafuni, na dirisha lisipige jua moja kwa moja. Mtu wa Iringa au Arusha anaweza kulala usingizi zaidi hapo, ila ajilinde na mchwa.

Wadudu wakiingia, usipulizie dawa ya mende kwenye karatasi. Funga majarida kwenye mifuko miwili iliyobanwa, weka kwenye friza ya nyuzi 18 chini ya sifuri kwa wiki mbili, kisha acha mfuko urudi joto la chumba kabla hujaufungua, la sivyo umande utatua kwenye kurasa. Majani makavu ya mwarobaini ambayo bibi aliyaweka kwenye sanduku la nguo ni sawa yakiwa rafuni. Katikati ya kurasa yanaacha madoa ya kijani.

Nje ya kila boksi andika kwa penseli matoleo yaliyomo na yanayokosekana. Yale yanayokosekana yaandike kwa herufi kubwa, kwa sababu siku utakapokutana na muuza vitabu kando ya barabara hutakuwa na boksi mkononi, utakuwa na picha yake kwenye simu tu.