Mwezi mmoja wa kulipia basketi ya vyuo vya Marekani: uzoefu wangu

Mimi ni wa kizazi cha Hasheem Thabeet, Mtanzania aliyefika NBA, ligi ya kulipwa ya Marekani. Hasheem alipokuwa Chuo Kikuu cha Connecticut (UConn), 2006 mpaka 2009, sisi wa Donbosco Upanga tulikuwa tunajua matokeo ya UConn kuliko ya timu zetu wenyewe, na mechi hatuzioni. Tunaingia intaneti kafe, tunalipia nusu saa, tunahesabu bloku, yaani mitupo aliyoizuia. Mtoto wa Dar anawazuia Wamarekani, miaka miwili mfululizo anatajwa mlinzi bora wa ligi ya Big East! Mwaka 2009 wakafika nne bora ya mashindano ya ubingwa wa vyuo, Michigan State wakawatoa, yeye akachukuliwa wa pili kwenye drafti, pale timu za NBA zinapochagua wachezaji wapya, na mimi vyuo nikaviweka kando.

Machi 2025 nikarudi. Nililipia mwezi mmoja wa programu ya kutazama michezo mubashara. Jina lake naliacha, mtaelewa mbele kwa nini. Bei haikufika ya kuku mzima na chipsi.

Kwa aliyezoea NBA, kuna mambo ya kujua kwanza. Mechi za wanaume ni nusu mbili za dakika 20, hakuna robo. Timu ina sekunde 30 za kushambulia. Halafu kuna ile sheria ya faulo: timu ikifikisha saba ndani ya nusu, aliyechezewa anapewa mtupo mmoja, akifunga ndiyo anapewa wa pili. Akikosa, mpira uko hewani, gombaneni. Ishike hiyo, inarudi sasa hivi.

Tatizo ni saa. Mechi kubwa zinaanza saa saba usiku kwetu, na ya pili yake karibu saa kumi alfajiri. Ila mwaka ule Mungu alinipangia, kwa sababu hatua za mwanzo za mashindano ziliangukia Ramadhani. Florida na Texas Tech, mechi ya kuingia nne bora, niliitazama nikiwa macho nasubiri daku. Florida walikuwa nyuma kwa pointi tisa, hazijabaki hata dakika tatu. Nikasema hawa basi, nikaenda kuwasha jiko nipashe maharage ya nazi. Narudi na mwiko mkononi, Thomas Haugh wa Florida kashatupia pointi tatu mara mbili. Walter Clayton Jr. naye akazipiga zake, moja akiwa anarudi nyuma na mtu yuko usoni kwake. Ikaisha 84 kwa 79, Clayton ana 30. Maharage yaliungua, tukala daku ya mkate na chai.

Timu zilizofika nne bora, mjini San Antonio, zote nne zilikuwa zimepangwa namba moja kwenye kanda zao: Auburn, Duke, Florida na Houston. Jambo hilo halikuwahi kutokea tena tangu 2008. Wapo waliolalamika kwamba hakuna timu ndogo ya kushangaza watu. Mimi sikulalamika, nilipata nilichokilipia.

Sasa lile la kuficha jina la programu. Alfajiri ya Jumapili tarehe 6 Aprili, Clayton ameshawafunga Auburn pointi 34, Florida wameingia fainali, na Duke wanacheza na Houston. Duke walikuwa na kila kitu: Cooper Flagg, miaka 18, mchezaji bora wa mwaka nchi nzima, pointi 27 usiku huo. Kipindi cha pili waliongoza kwa 14. Zimebaki sekunde kama 35, wako juu kwa sita, na picha ikaganda. Flagg amesimama mdomo wazi, kale kaduara kanazunguka. Nikazima, nikawasha, nikatoka kwenye waifai nikaingia bando la simu. Picha inarudi, ubao unasoma Houston 68, Duke 67. Nikadhani wamekosea ubao.

Ilibidi nitazame marudio mchana nielewe. Emanuel Sharp wa Houston alipiga pointi tatu. Duke wakarusha mpira wa kuingiza, Houston wakaunasa. Mtupo ukakosa, Joseph Tugler akaufuata juu akausokomeza kikapuni. Tyrese Proctor wa Duke akaenda kwenye mstari wa faulo, na hapo ndipo ile sheria ilipouma: akakosa wa kwanza, wa pili hakupewa. Wakati wa kugombea ribaundi, yaani mpira uliokosa kikapu, Flagg akamlalia mgongoni J'Wan Roberts wa Houston, faulo, Roberts akafunga yote miwili. Flagg akapewa mpira wa mwisho, akaruka akiegemea nyuma, Roberts mkono juu, mtupo ukawa mfupi. Houston wakaongeza mitupo miwili, 70 kwa 67. Pointi tisa kwa bila katika zile sekunde kama 35 za mwisho, na nyingi zilipita kaduara kangu kakizunguka.

Watu mtandaoni walimwangushia Flagg lawama. Mimi naona tofauti. Roberts alikuwa mwaka wake wa sita chuoni, mtu mzima kabisa, na Houston yote inacheza hivyo: hawakuachi upumue. Duke katika dakika kumi za mwisho walipata kikapu kimoja tu, ukiondoa mitupo ya faulo. Hapo si suala la nyota kupoteza mtupo mmoja.

Aliyeniuma ni Khaman Maluach wa Duke. Kazaliwa Sudan Kusini, kakulia Kawempe, Kampala, basketi kaanza akiwa na Crocs miguuni kwa sababu viatu vya saizi yake havipatikani. Alichezea City Oilers ya Uganda, na Olimpiki ya Paris alikuwa na timu ya taifa lake. Futi saba na inchi mbili, karibu Thabeet mwenyewe. Msimu mzima alikuwa anazuia mlango wa Duke, usiku ule akamaliza bila ribaundi hata moja. Walikuwa wanamsukuma nje kabla mpira haujagonga bodi. Juni akachaguliwa wa kumi kwenye drafti, akaenda Phoenix, kwa hiyo msimwonee huruma sana.

Jumapili hiyo hiyo saa nne usiku, saa ya watu wenye familia, fainali ya wanawake: UConn na South Carolina. Mke wangu alikaa kwa sababu nilimwambia ndicho chuo cha Thabeet, akabaki kwa sababu ya Sarah Strong. Mwaka wa kwanza chuoni, pointi 24 na ribaundi 15, na uso hauonyeshi kitu, kama anaanika nguo. Azzi Fudd naye 24. Ikaisha 82 kwa 59, taji la 12 la UConn, na Paige Bueckers akaondoka nalo mwaka wake wa mwisho. Wanawake wao wanacheza robo nne, kama kwingine. Mke wangu akauliza wanaume wana nini. Sikuwa na jibu.

Jumatatu ilikuwa Karume Day, nikalala mchana kutwa. Fainali ya wanaume, Florida na Houston, ikaanza karibu saa kumi alfajiri ya Jumanne, bando la akiba tayari. Clayton, yule wa 30 na 34, nusu ya kwanza hakufunga hata pointi. Houston walimbandikia watu wawili kila akigusa mpira. Kipindi cha pili wakaongoza kwa 12. Florida wakajivuta, wakajivuta, Alijah Martin akafunga mitupo miwili ya faulo, wakapita kwa moja.

Kisha sekunde za mwisho, 65 kwa 63, mpira wa Houston. Sharp anaruka apige pointi tatu. Clayton alikuwa mbali. Alikuja kama mtu anayekimbilia daladala linaloondoka. Sharp akamwona akiwa tayari hewani, akaogopa bloku, akauachia mpira udunde chini. Na akiugusa tena ni kosa. Kwa hiyo akawa amesimama juu ya mpira wake mwenyewe, hawezi kuuokota, hadi Alex Condon wa Florida alipojirusha sakafuni akaukumbatia. Muda ukaisha. Houston hawakupata hata mtupo.

Clayton alimaliza na pointi 11 na akachaguliwa mchezaji bora wa hatua ya mwisho. Mimi ile mbio naipa uzito kuliko zile 34. Nimeirudia mara nyingi mno kwa mtu aliyetakiwa kazini saa mbili.

Mechi nazipa nyota tano. Programu naipa mbili: mbali na kuganda, ukitaka marudio inakuwekea matokeo kwenye picha ya kubonyeza, umeshaharibiwa. Malalamiko yangu walijibu baada ya siku nne, wakanishauri nizime simu na kuiwasha.

Ukitaka kujaribu, usilipie msimu mzima. Lipia katikati ya Machi, wiki ya Alhamisi na Ijumaa zenye mechi 32 kwa siku mbili. Nyingi za mwanzo zinaanza jioni kwetu, unatazama huku unakula.