Mabango Safi, Leso Zilizochuja: Duka Lililotuchapia Vifaa vya Kampeni ya Ubunge

Nilisimamia vifaa vya kampeni vya mwakilishi wadi mmoja wa Mombasa ambaye, katika uchaguzi wa tarehe 9 Agosti 2022, aliacha kutetea kiti cha wadi akawania ubunge. Alisimama kama mgombea huru, baada ya kukusanya sahihi za wapiga kura 1,000 kama Katiba inavyodai. Kazi zote za uchapishaji tulizipeleka kwa duka moja la mjini, ambalo silitaji kwa kuwa nina malalamiko nalo.

Hata hivyo, duka hilo hilo ndilo lililotuepusha na aibu. Mchoro tuliowapelekea ulifanywa kwa pupa: picha ile ile ya 2017, maneno “Mchague tena”, na mandhari ya hudhurungi hafifu. Fundi wa kompyuta aliutazama, akamuuliza mwenzangu, “Mama, mheshimiwa anagombea nini safari hii? Maana hii ni rangi ya karatasi ya wadi.” Alisema kweli. Mpiga kura wa Kenya hupewa karatasi sita za kura kwa mkupuo, kila moja na rangi yake. Ya mwakilishi wadi ni hiyo ya hudhurungi hafifu, ilhali ya mbunge ni ya kijani, na aliyezoea kumtafuta mgombea wetu kwenye ile ya zamani angemkosa, akadhani hakusimama kabisa. Fundi alibadilisha mandhari yote, akaongeza chini “Mtafute kwenye karatasi ya kijani”, kisha akaikuza alama ya kandili hadi ikalipita jina, kwa kuwa mgombea huru hana rangi za chama za kumtambulisha. Mabango 500 yalitoka safi na kustahimili mvua za Juni.

Leso ndizo zilizotuvunja moyo. Huku Pwani leso hushinda fulana, kwa kuwa mama huendelea kujifunga hata baada ya kura kuhesabiwa, hivyo tuliagiza jozi 300 zenye pindo la kijani, kandili kwenye mji, yaani sehemu ya kati ya leso, na jina la mheshimiwa pale panapoandikwa jina la leso. Tuliahidiwa wiki mbili. Zilifika tarehe 4 Agosti, siku mbili kabla ya kampeni kufungwa, na niliyoifua mwenyewe iligeuza maji ya karai kuwa kijani, kandili ikabaki kivuli. Mwenye duka alirudisha sehemu tu ya pesa, tena baada ya kufuatwa mara tatu.

Mgombea wetu hakushinda, na kwa hilo silaumu duka. Wapiga kura wa wadi nyingine walikuwa hawamjui. Kwa uchaguzi wa Agosti 2027 nitawapelekea tena mabango, hasa kwa ajili ya yule fundi. Leso nitazipeleka kwingine, na huko nitaomba moja kwanza nikaifue nyumbani kabla ya kulipa salio.