Trela la kukunja, hema la juu ya gari au hema la chini: ununue lipi?

Anayetaka kulala porini na familia huanza kuuliza bei. Mimi humuuliza: asubuhi gari litatoka kambini au litabaki? Orodha yangu imepangwa kwa jibu hilo.

Namba moja, kwa wenye watoto wanaotua mahali pamoja siku tatu na kuendelea: trela la kukunja. Barabarani ni sanduku fupi, halipigwi na upepo kama karavani, ile nyumba ndefu ya kuvutwa na gari. Ukifika unazungusha mkono wa winchi, paa linapanda, vitanda vinavutwa nje huku na huku, kuta za turubai zinasimama. Mnalala juu, mbali na tope na siafu. Utamu wake ni alfajiri: unalichomoa gari, saa kumi na mbili uko njiani kutafuta simba, nyumba inabaki imesimama. Chakula tu kiondoke na gari, maana nyani hajui kwamba turubai ni ukuta.

Lakini turubai bichi halikunjwi likaachwa. Nililikunja asubuhi ya ukungu ukingoni mwa kreta ya Ngorongoro, mita 2,300 hivi juu, nikalisahau uani siku tano. Nilipolifungua lilikuwa na madoa meusi, na harufu ipo hadi leo. Halafu barabara: ile mikunjo kama bati kutoka lango la Naabi kwenda Seronera, ndani ya Serengeti, hulegeza kila nati. Chagua lenye springi nene na matairi saizi ya gari lako, ili spea moja itumike kote. La mtumba, bonyeza sakafu kwa kidole gumba; ikibonyea, maji yameshaingia, achana nalo.

Namba mbili, hema la juu ya gari. Kwa wawili wanaohama kila siku, lipande liwe namba moja. Linafunguka haraka, na kiboko wa Naivasha anakula majani huko chini bila habari na nyie. Ila kila safari ya gari ni kulikunja kwanza, na ngazi usiku wa manane, umebanwa, ni shughuli. Soma kitabu cha gari: paa linabeba kilo ngapi likiwa mwendoni? Mengi ya mahema haya yana kilo 50 hadi 80, keria bado.

Mwisho hema la chini. Ni la bei nafuu, linaingia kwenye buti, na ambaye hajawahi kulala nje aanze nalo. Limeshika mkia kwa sababu ya mgongo wangu tu.