Pilau ya kubeba, kabla ya saa mbili

Nyota tano siwapi, ila nne wanastahili hawa wauza pilau wa pale Pangani karibu na stendi ya matatu. Ilikuwa baada ya Machi 26, 2021, Nairobi na kaunti nyingine nne zilipofungwa kwa sababu ya korona, hakukuwa na kuketi ndani. Ilikuwa kubeba tu, na kafyu ilikuwa imerudishwa saa mbili usiku. Viti walivipandisha juu ya meza, mlangoni walifunga kamba, na kando ya mtungi wa maji kulikuwa na sabuni kweli, si ile chupa tupu ya maonyesho. Pilau ilikuwa shilingi 250, nyama laini, kachumbari imefungwa peke yake isilowe.

Ubaya ulikuwa foleni. Jumanne nilifika saa kumi na mbili unusu, nikahudumiwa saa moja na robo. Mzee nyuma yangu akafoka, “Mwaka mzima tunatii, bado tu!” Lakini barakoa hakuishusha hata kidogo. Mhudumu akampa chai ya bure: “Pole mzee wangu, hii ni yako.” Mimi sikupewa.

Matatu hazikuwa zikijaza, nauli ilikuwa juu. Nilifungua mlango wangu saa mbili kasoro dakika tatu, pilau bado inatoa mvuke.