Stenseli ya vifaa vya maabara: inachora vizuri, ila gesi haina pa kupita

Nafundisha kemia kidato cha pili, Morogoro, na tangu muhula uliopita natumia stenseli ya plastiki, ile rula ya kijani yenye matundu ya bika, flaski, faneli, tripodi na kichomeo cha Bunsen. Nilinunua shilingi 3,000 kwenye duka la vifaa vya shule.

Kwa kasi haina mpinzani. Nikitunga mtihani, mchoro uliokuwa ukinila jioni nzima sasa naumaliza chai ikiwa bado ya moto, na flaski ya koniko inatoka na mbavu zinazolingana. Tumia penseli ya kubonyeza ya milimita 0.5, kwani ya kawaida ikishapoteza ncha, mstari unanenepa.

Sasa kasoro yake. Kila tundu ni umbo lililofungwa pande zote, kwa hiyo mwanafunzi akizungusha penseli mpaka mwisho, bika inapata kifuniko! Michoro yetu huonesha chombo kana kwamba kimepasuliwa wima: unachora kuta na kitako, mdomo unauacha wazi. Kwenye kizibo ndiyo balaa. Mstari wa juu wa shingo ya flaski unakatiza mrija, na hapo gesi imeshafungiwa ndani. Msahihishaji akikata alama, ana haki.

Chukua utengenezaji wa kaboni dayoksaidi kwa vipande vya marumaru na asidi hidrokloriki. Shina la faneli lazima lizame ndani ya asidi, la sivyo gesi inatorokea humo humo, ilhali mrija wa kuitoa gesi unaishia chini kidogo ya kizibo, mbali na asidi. Stenseli yangu ina faneli ya shina fupi tu, hivyo shina unalirefusha mwenyewe kwa rula. Atakayeliacha fupi atapata mchoro msafi wa jaribio lisilofanya kazi. Kondensa ya Liebig, kifaa cha kupoza mvuke uwe kimiminika, nayo imo, lakini ni bomba tupu. Kukumbuka kwamba maji ya kupoza huingia kwa chini na kutokea juu ni kazi ya kichwa chako.

Vipimo pia havilingani. Chupa ya kukusanyia gesi ni ndogo kuliko neli ya majaribio, sijui aliyeibuni aliwahi kuingia maabara.

Kwa mwalimu anayetunga mitihani naipa nyota nne. Kwa mwanafunzi mbili, na anunue baada ya kuweza kuchora seti nzima kwa mkono, mistari ya majina ikiwa imenyooka bila kupishana. Chagua yenye plastiki nene, maana nyembamba ukiisahau juani inajikunja. Ubaoni haifai kabisa kwa udogo wake. Huko bado natumia chaki na rula ya mbao.