Siku Mbili Redioni: Muziki wa Klasiki, Sanaa na Mtangazaji Anayejua Kunyamaza

Nyimbo 24 za Franz Schubert kuhusu msafiri wa majira ya baridi, alizozitunga mwaka 1827 kwa mashairi ya Wilhelm Müller, hazimalizikii mahali pa kushangilia. Wimbo wa mwisho unamkuta msafiri nje ya kijiji, mbele ya mzee anayezungusha kinanda chake cha mkono akiwa peku juu ya barafu, kisahani chake cha sadaka kikiwa kitupu na watu wakimpita kama hayupo. Piano inashikilia sauti mbili tupu upande wa chini tangu mwanzo hadi mwisho, na mwimbaji anaishia kwenye swali lisilojibiwa. Wimbo huo ulipokwisha Jumamosi usiku, mtangazaji hakusema neno. Nilihesabu sekunde tisa za ukimya, muda ambao redioni ni mrefu kiasi cha kumfanya mtu auangalie mtambo wake, ndipo akawataja mwimbaji na mpiga piano kwa sauti ya chini na kuwaaga wasikilizaji.

Nimeanza na usiku kwa makusudi, kwa kuwa kama ningeanza na asubuhi ya siku hiyohiyo, msomaji angedhani ninazungumzia idhaa nyingine. Niliisikiliza idhaa hii ya muziki wa klasiki na sanaa tangu Jumamosi saa moja asubuhi hadi Jumapili saa tano usiku, nikipumzika kwa chakula na usingizi tu, na nilichokibaini ni kwamba kuna idhaa mbili zinazogawana masafa yaleyale: moja inamwona msikilizaji kama mtu mwenye haraka anayepaswa kubembelezwa, nyingine inamwona kama mtu aliyekaa chini kusikiliza.

Ile ya kwanza hutawala saa mbili za mwanzo. Mtangazaji wake ni mchangamfu, ana sauti nzuri na hakosei majina ya watunzi, jambo ambalo si dogo, lakini katika saa hizo mbili nilihesabu vipande 19, na kati yake kazi kamili zilikuwa tatu tu. Simfonia ya saba ya Beethoven, kazi ya okestra yenye sehemu nne, ilitolewa sehemu ya pili peke yake, ikachomekwa kati ya tangazo la kipindi cha jioni na wimbo wa sinema. Mtangazaji angeweza kujitetea kwa historia, kwa kuwa simfonia hiyo ilipopigwa kwa mara ya kwanza huko Vienna tarehe 8 Desemba 1813, sehemu hiyo ndiyo waliohudhuria walioiomba irudiwe. Ni kweli, lakini wale walikuwa wamekwisha kuisikia sehemu ya kwanza, pamoja na furaha yake yote. Sehemu ya pili huanza kwa sauti moja ya pamoja ya ala za kupuliza ambayo huvuma na kufifia kama taa inayopunguzwa, na kufifia huko kuna maana kwa sababu ya mwanga uliotangulia. Mtu akisomewa ubeti wa pili wa shairi lenye beti nne, vina vitalingana na mizani itatimia, lakini hatajua shairi lilikuwa likidai nini.

Saa tatu kamili mambo hubadilika. Hapo huanza kipindi cha kulinganisha rekodi, ambacho kwa maoni yangu peke yake kinatosha kumfanya mtu aifahamu idhaa hii. Mgeni mmoja, mpiga piano kwa kazi yake, alipewa saa nzima kuzungumzia kazi moja tu: wimbo na mageuzo yake 30, yaani vipande vinavyoujenga upya kila kimoja kwa namna yake, ambayo Johann Sebastian Bach aliyachapisha mwaka 1741, na ambayo dunia huyaita kwa jina la Goldberg. Alianza kwa kueleza muundo wake bila kujionyesha. Wimbo wa mwanzo una hatua 32, yaani vipimo 32 vya mapigo, na kazi nzima ina vipande 32, kwa kuwa wimbo huo hurudi mwishoni baada ya mageuzo yote kupita, na kila geuzo la tatu, isipokuwa lile la 30, limejengwa kwa sauti mbili zinazofukuzana, ya pili ikiiga ya kwanza. Kila alipotaja jambo alilipigia mfano papo hapo, kwa hiyo hata asiyejua kusoma noti aliweza kufuatana naye.

Kisha akaziweka rekodi ubavu kwa ubavu. Ya Wanda Landowska ya mwaka 1933 ilipigwa kwa hapsikodi, kinanda ambacho nyuzi zake hudonolewa badala ya kugongwa, na mgeni alitukumbusha kwamba Bach mwenyewe aliitaja hapsikodi yenye safu mbili za vibao kwenye ukurasa wa kwanza wa chapa yake. Wanaoipiga kwa piano, yenye safu moja, hulazimika kupitisha mikono mmoja juu ya mwingine kama mafundi wawili wanaogombea meza moja. Baada ya hapo zikaja rekodi mbili za Glenn Gould, mpiga piano wa Kanada. Ya mwaka 1955, alipokuwa na umri wa miaka 22, huchukua kama dakika 38. Ya mwaka 1981, iliyofanyika katika studio ileile ya New York, huchukua kama dakika 51, na mwaka uliofuata Gould alifariki. Tulisikilizishwa wimbo wa mwanzo kutoka rekodi zote mbili mfululizo, bila neno lolote katikati. Kijana anaupita wimbo kama anayekwenda mahali. Yule mtu mzima anaweka kila sauti chini na kuitazama kabla ya kuchukua nyingine. Tofauti hiyo ya dakika 13 haitokani na mwendo peke yake, kwa kuwa mwaka 1955 aliacha karibu marudio yote ambayo Bach aliyaandika, na mwaka 1981 akarejesha baadhi. Mgeni alilisema hili waziwazi, ilhali wengi hulisahau wanapopiga chuku kuhusu uzee na hekima. Aliongeza kwamba mivumo ya mdomo ya Gould, inayosikika nyuma ya piano, humkera. Mimi hunifurahisha, lakini nilipenda kumsikia mtaalamu akikiri kero yake bila kupepesa macho.

Mwishoni alitakiwa achague rekodi moja, akachagua, akatoa sababu zake tatu, na kipindi kikafungwa kwa geuzo la 25, lile la polepole lenye huzuni, kutoka rekodi aliyoichagua. Lilipigwa lote.

Opera ya mchana ilikuwa Tosca ya Giacomo Puccini, na hapa nataka kumsifu mtangazaji kwa jambo ambalo huenda wengi hawakulitambua. Opera redioni ina tatizo la asili, kwamba nusu ya kinachotendeka hakionekani, na tatizo hilo halijapata dawa kamili tangu nyumba ya opera ya Metropolitan ya New York ilipoanza kurusha maonyesho yake hewani mwezi Desemba 1931. Mwisho wa sehemu ya pili ya Tosca ni mfano mgumu kuliko yote: mwanamke amekwisha kumuua mkuu wa polisi, haimbi tena, na kwa dakika kadhaa okestra inapiga taratibu huku yeye akiweka mishumaa miwili kando ya maiti na msalaba juu ya kifua chake, kisha anatoka. Asiyeambiwa atadhani muziki umekosa la kufanya. Mtangazaji alituhadithia tendo hilo wakati wa mapumziko, kabla ya sehemu ya pili kuanza, kwa sentensi nne tu, na ilipofika tulijua kila sauti ya chini ilikuwa mkono unaoweka nini. Mapumziko ya pili, kwa bahati mbaya, yalijazwa mahojiano na waimbaji ambao walivishwa kilemba cha ukoka tangu swali la kwanza hadi la mwisho. Mwimbaji anapoulizwa anajisikiaje kuwa na sauti nzuri namna ile, atajibu nini zaidi ya kushukuru?

Jumapili asubuhi ilitulia. Katika kantata 200 hivi za Bach zilizobaki, yaani kazi za kuimbwa pamoja na ala, nyingi ziliandikwa kwa ajili ya Jumapili maalumu za kalenda ya kanisa, na idhaa ilichagua moja iliyotungwa kwa Jumapili ya juma hilohilo, ikaipiga nzima, kama dakika 20, kwaya na waimbaji mmojammoja hadi wimbo wa mwisho wa pamoja. Hapakuwa na mbwembwe. Maelezo yaliyotangulia yalihusu maneno yanayoimbwa na somo la siku, wala hayakuhusu maisha ya kiongozi wa okestra.

Kipindi cha sanaa cha mchana kilijitwisha mzigo ambao nilidhani kingeutua njiani, nao ni kuzungumzia mchoro mbele ya watu wasiouona. Mchoro wenyewe ulikuwa Guernica wa Pablo Picasso, wa mwaka 1937, kuhusu mji wa Uhispania uliopigwa mabomu vitani, wenye urefu wa karibu mita 7.8 na kimo cha karibu mita 3.5, uliochorwa kwa rangi nyeusi, nyeupe na za kijivu tu. Mwongozaji alimzuia mgeni wake kuanza na maana. Alimtaka atembee nao kutoka kushoto kwenda kulia kama mtu aliye kwenye jumba la makumbusho la Madrid unakotundikwa, akitaja anachokiona: mama aliyembeba mtoto aliyekufa, fahali juu yake, farasi katikati akiwa amepanua kinywa, taa, na mwishoni upande wa kulia mtu aliyeinua mikono katikati ya moto. Mgeni alipokimbilia siasa, mwongozaji alimrudisha kwa upole kwenye shingo ya farasi. Siasa zilipata zamu yake baadaye, na zilieleweka vizuri zaidi kwa kuwa tulikuwa tumeuona mchoro kwa masikio. Robo saa ya mwisho ilipotezwa kwa mjadala wa vitabu vipya ambapo kila kitabu kilikuwa cha kipekee, cha lazima na cha kugusa moyo, maneno ambayo yakitumiwa kwa vitabu vitano mfululizo hayamsaidii mnunuzi hata kidogo.

Mchezo wa redio uliofuata sitaukalia. Milango ilikuwa mingi, nyayo zilikuwa nyingi, na kila mhusika aliitwa kwa jina katika kila sentensi ili tusimsahau.

Jumapili usiku kulikuwa na tamasha moja kwa moja kutoka ukumbini, na kazi ya mwisho ilikuwa Boléro ya Maurice Ravel, ya mwaka 1928. Hakuna kazi inayofaa zaidi kuipima mitambo ya redio. Ngoma ndogo huanza kwa sauti ya kunong'ona, hurudia mdundo uleule mara 169, na kwa muda wa karibu robo saa okestra huongezeka ala kwa ala bila mwendo kuongezeka, hadi ukumbi mzima utikisike. Kazi yote ni safari moja kutoka sauti ndogo kwenda kubwa, na kituo kikiigusa safari hiyo hakuna kinachobaki. Niliwasha redio ya mezani kwa masafa ya FM na papo hapo nikaifungua idhaa hiyohiyo kwa intaneti kwenye simu. Kwenye FM ngoma ilisikika wazi tangu pigo la kwanza, kama iliyowekwa mezani, na kilele kilipofika hakikuwa na pa kupandia. Vituo vingi hupitisha sauti kwenye mtambo unaoinua zilizo ndogo na kubana zilizo kubwa, ili anayesikiliza garini asishindwe na mngurumo wa injini, na sababu hiyo ninaielewa. Kwenye intaneti, ambako idhaa hii hutoa kilobiti 320 kwa sekunde, nililazimika kuinamisha sikio ili niipate ngoma, filimbi ikaingia kana kwamba inatoka chumba cha pili, na dakika za mwisho nilinyoosha mkono kupunguza sauti nikaghairi. Kwa kuwa intaneti huchelewa kidogo nyuma ya FM, kwa muda nilikuwa na ngoma mbili zisizopatana, jambo ambalo Ravel hakuliandika, ndipo nikaizima ya mezani.

Baada ya pigo la mwisho mtangazaji alijikuta katika hali tofauti na ya mwenzake wa Jumamosi, maana ukumbi ulilipuka kwa vifijo kabla hata sauti haijakwisha. Alifanya lililo sahihi kwa hali hiyo: aliviacha vifijo viendelee karibu dakika nzima, tukasikia viti vikisukumwa na wapigaji wakisimama, kisha akayataja majina.

Kwa anayetaka kuijaribu, ushauri wangu ni asikilize kwa intaneti na kwa vipokea sauti vya masikioni, avitafute kipindi cha kulinganisha rekodi na tamasha la usiku, na asihofu akichelewa, kwa sababu vipindi vyote huhifadhiwa kwa siku 30. Hifadhi hiyo ina kasoro moja inayoudhi: hurekodi kwa saa ya ratiba, kwa hiyo tamasha linapopitiliza, mwisho wake huwekwa chini ya jina la kipindi kinachofuata. Boléro yangu, nilipoitafuta tena Jumatatu, ilikatika ngoma ikiwa bado inapanda, na dakika tatu za mwisho nilizikuta ndani ya kipindi cha ushairi. Jumamosi ijayo nitaiwasha tena saa tatu, dakika moja kabla mgeni hajakaribishwa.